Risala ya Wahitimu wa Fani ya Uashi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi wetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutukabidhi vyeti. Maendeleo ya chuo ataeleza Mkuu wa Chuo. Sisi tumeomba nafasi hii tuzungumzie mchanga.

Mheshimiwa, wanaoumaliza ni sisi waashi. Kandokando ya mito ya Mpiji, Mbezi na Tegeta, Dar es Salaam, kingo zimemeguka na nyumba zilizokuwa mbali na maji sasa zimesogelewa na korongo. Mchanga ule umo kwenye lipu na matofali yetu. Wakati huohuo viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu ili kutengeneza nondo vinatoa slagi, yaani mavi ya chuma, na kuitafutia pa kuitupa.

Ili kuona kama inaweza kushika nafasi ya mchanga, karakanani tuliiponda, tukaichekecha na kuvuta vipande vya chuma kwa sumaku. Zilibaki chembe nyeusi zenye makali, nzito kuliko mchanga. Tulipoondoa mchanga wote na kuweka slagi tupu, udongo wa saruji ulikwaruza mwiko, ukachuja maji na kukataa kushika ukutani. Tulipoiweka slagi kidogo na mchanga ukabaki mwingi, lipu ilikubali, na mwalimu wetu aliusugua ukuta kwa kiganja asiambulie vumbi.

Hata hivyo, hatuombi slagi ichotwe leo kiwandani ipigwe lipu kesho. Ile ya tanuri lililotiwa chokaa huweza kubaki na chokaa ambayo haijakutana na maji. Ikifungiwa ukutani hunyonya unyevu polepole, huvimba, na lipu hupasuka fundi akiwa ameshalipwa na kuondoka. Kwa hiyo huachwa nje kwa miezi, ikinyeshewa na kumwagiwa maji, ndipo itumike. Ni lazima pia ipimwe kama haitoi metali zenye sumu, maana watoto watalala ndani ya kuta hizo. Wahindi, katika kiwango chao cha mwaka 2016, waliruhusu slagi ya feleji, yaani chuma kigumu kama cha nondo, kuchukua hadi asilimia 25 ya mchanga katika zege ya kawaida isiyo na nondo; kwenye zege yenye nondo hawakuiruhusu kabisa. Tahadhari hiyo tunaiunga mkono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Chuo hakina mashine ya kupima nguvu ya vipande vya udongo wa saruji siku ya 7 na ya 28 baada ya kutengenezwa. Bila hiyo tunabaki kusema kwa macho na viganja. Tunaomba utusaidie kuipata. Tunaomba pia uwakutanishe wenye viwanda, TBS wanaosimamia viwango, NEMC wanaosimamia mazingira, na vyuo vya ufundi, ijulikane slagi ya kiwanda kipi inafaa, kwa kiasi gani na kwa kazi ipi. Wadogo zetu wanaobaki hapa wako tayari kuponda, kuchekecha na kuandika matokeo.

Tunaomba kuwasilisha.