Kabla ya kumwagizia mtoto blanketi la viraka, jiulize litatumika wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na mashangazi, mawifi, bibi na marafiki wanaowaagizia watoto wachanga mablanketi ya viraka, na pia mafundi wenzangu tunaoyashona. Kazi hii imeshika kasi hapa Dar es Salaam. Zamani aliyejifungua alipelekewa doti ya khanga, sabuni na beseni. Siku hizi kikundi cha akina mama kinachanga, kinanunua vitenge, na fundi anapewa kazi ya blanketi lenye jina la mtoto kwenye kona. Nalipenda sana jambo hili. Ni kazi ya mkono inayodumu, na mabaki ya vitenge yaliyokuwa yakifagiliwa kwenye vyumba vya mafundi sasa yana thamani. Kinachonisumbua ni kipimo. Watu wanachagua rangi kwa siku nzima, kipimo wanakitaja wakiwa mlangoni wanaondoka, na matokeo yake blanketi zuri linakunjwa na kuwekwa juu ya kabati kwa sababu halifai kwa shughuli yoyote ya mtoto.

Maagizo ninayopokea hapa Tandika huja kwa namna mbili. Wapo wanaosema, "Fundi, shona kubwa tu, mtoto atakua." Wengine wananionyesha kipimo kwenye simu, inchi 36 kwa 52, au 45 kwa 60. Vipimo hivyo havina kosa huko vilikotoka. Cha kwanza kimefuata godoro la kitanda cha mtoto la Marekani, ambalo ni inchi 28 kwa 52, likaongezwa upana wa kuning'inia pembeni. Cha pili kinalingana na paketi ya pamba ya kujazia inayouzwa huko ikiwa imeshakatwa kwa ajili ya blanketi la mtoto. Mwenye kitanda hicho na paketi hiyo anafanya sawa kabisa kuvifuata.

Sasa tukilete hilo la 45 kwa 60 nyumbani kwetu. Akina mama wengi ninaowashonea wanalala na mtoto kwenye godoro la nne kwa sita au tano kwa sita, chandarua kimoja. Blanketi hilo likitandazwa juu ya godoro la nne kwa sita linachukua zaidi ya robo tatu ya godoro zima. Limeagizwa kwa ajili ya mtu mwenye urefu wa nusu mita.

Halafu kuna kufua, na hapa ndipo mzigo wote unapomwangukia mama. Blanketi la viraka lina tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, na kitambaa cha nyuma. Likiingia kwenye beseni linakunywa maji kila tabaka, na kulikamua kunahitaji watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Aliyejifungua kwa upasuaji hapaswi hata kuliinua. Kwenye nyumba ya kupanga, kamba ya kuanikia ni moja na wapangaji ni wengi, na ikifika masika, Machi hadi Mei, pamba ya katikati inabaki na unyevu hata juu pakionekana pamekauka. Likikunjwa hivyo linapata uvundo ambao hautoki kwa sabuni. Mtoto mchanga analichafua blanketi mara kwa mara. Lisilofulika kwa mkono mmoja litaachwa tu.

Kuhusu "mtoto atakua," ni kweli atakua, ila tutazame anavyokua. Mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia huwa na sentimita 50 hivi. Akifikisha mwaka anakaribia 75. Miaka miwili ni kama 86, na minne ni mita moja na kidogo. Blanketi la inchi 36 kila upande ni sentimita 91, kwa hiyo hata yule wa mwaka mmoja anajinyoosha juu yake na nafasi inabaki. Na eneo lake halifiki nusu ya lile la 45 kwa 60. Vitenge, uzi, uzito na siku za fundi vyote vinapungua kwa kiasi hichohicho.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba mwagizaji ajibu swali moja kabla ya jingine lolote: hili blanketi litatumika wapi? Asipojua, ampigie simu mama wa mtoto, hata kama zawadi ilikuwa ya siri.

Kama ni la kutokea nyumbani, inchi 36 kwa 36 zinatosha, na kwa anayepanda daladala au bajaji kila mara hata 30 kwa 36 ni sawa. Fikiria safari za kliniki: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, mbali na siku za kupima uzito. Mama ana mtoto, mkoba, kadi ya kliniki na nauli mkononi. Blanketi lake linatakiwa likae begani bila pindo kuburuza kwenye ngazi za daladala, na akifika alitandike kwenye benchi amvue mtoto nguo bila kumsukuma jirani yake.

Kama ni la sakafuni, juu ya mkeka au marumaru, ongeza hadi inchi 40 kwa 40. Mtoto anayejifunza kugeuka anahitaji nafasi ya kugeukia, na mraba ni mzuri zaidi kwa kuwa hauna upande wa kutafuta. Hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa asiyejua aseme nini. Kina faida nyingine ambayo mafundi wataielewa. Vitenge vingi tunavyonunua Kariakoo vina upana wa inchi 44 hadi 46, na kitambaa cha nyuma kinatakiwa kuzidi kile cha juu kwa inchi mbili hivi kila upande, maana wakati wa kushona tabaka zote pamoja kitambaa husogea. Arobaini ukijumlisha na nne unapata 44. Kitenge cha 44 kikishafuliwa kinabana sana, kwa hiyo kipime tena baada ya kukauka. Ukizidisha hapo, nyuma lazima iungwe, na kiungo hicho kinaangukia katikati kabisa, palepale mtoto anapolala.

Kama ni la kitanda cha mtoto, usiniletee kipimo cha simu. Niletee cha godoro. Vitanda vinavyochongwa na mafundi wa Keko hufuata mteja alivyotaka, na vinavyoagizwa kutoka nje havilingani vyenyewe kwa vyenyewe: Uingereza kuna magodoro ya sentimita 60 kwa 120, ya Marekani ni kama 71 kwa 132. Futikamba inamaliza ubishi huo kwa dakika moja.

Ila hapo kwenye kitanda nina neno zito, na ninaomba lisomwe hata na wasioshona. Blanketi la viraka si la kumfunika mtoto mchanga akiwa amelala. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mahali anapolala mtoto wa chini ya mwaka mmoja pasiwe na blanketi lililolegea, mto wala kitu kingine laini, na Uingereza nako wazazi wanaambiwa wasitumie blanketi la namna hii kabla mtoto hajatimiza mwaka. Linaweza kumfunika uso naye hana nguvu ya kuliondoa, na linamtia joto kupita kiasi. Sisi tuko Dar es Salaam, ambako kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana linapita nyuzi 30 na usiku haupoi vya kutosha. Mvalisheni mtoto nguo nyepesi inayomtosha, alale chali, na blanketi likae pembeni mpaka atakapoamka. Ninapokabidhi kazi ninamwambia hivyo kila mteja, na ningependa kila fundi aseme hivyo, kwa sababu mama mwenye mtoto wa kwanza akiona kitu kimeandikwa jina la mwanawe anaamini ndicho cha kumfunika.

Najua aibu ya kupeleka zawadi inayoonekana ndogo. Wifi anahofia watasema amebana, mama mkwe anataka kitu cha kujaza mikono pale sebuleni watu wakiangalia. Naielewa hofu hiyo, lakini atakayeishi na blanketi ni mzazi na mwanawe. Kikundi chenye fedha ya blanketi kubwa kinaweza kuagiza la inchi 36 na kinachobaki kikanunua doti ya khanga na pampasi. Au kishone dogo sasa, na mtoto akitimiza miaka miwili kimletee la inchi 40 kwa 50, ambalo ni sentimita 102 kwa 127. Hilo atalilalia na kujifunika, na halitamkimbia mpaka awe na miaka minne au mitano.

Kwa mafundi wenzangu nina la kusema kuhusu mishono, maana kuna wateja wanaoagiza 36 na kupokea 30, na si wizi. Wengi tulifundishwa kushona nguo kwa kuacha nusu inchi. Kipande cha inchi 6 kikishonwa kwa nusu inchi kila upande kinabaki 5, na vipande sita kwa mstari vinakupa inchi 30. Unayetaka vipande sita vifike 36 kata inchi 7 kama unaacha nusu inchi, au sita na nusu kama unaacha robo. Robo ni bora kwa viraka, kwa kuwa mishono haijengi mlima ndani. Tena ufue vitenge kabla ya kukata. Kitambaa cha pamba husinyaa kwa asilimia 3 hadi 5, na kitenge kipya kina dawa ya dukani inayokifanya kisimame. Ikitoka, kitambaa ni kingine. Ukishona vitenge vilivyofuliwa pamoja na visivyofuliwa, siku ya beseni kila kiraka kitajivuta upande wake na mraba wako utapinda. Chekundu kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Wanaouza mablanketi yaliyo tayari, madukani au kwenye simu, waandike kipimo kwa inchi na sentimita. "Dogo," "la kati" na "kubwa" havimsaidii mtu aliyeko Bunju anayeagiza kwa muuzaji wa Ilala. Na wewe Mhariri, mnapoweka picha ya zawadi za watoto katika kurasa za familia, ninaomba muandike na vipimo vyake.

Nimeliacha jambo la khanga mwisho kwa sababu lina utaratibu wake. Bibi huleta khanga aliyovaa mwenyewe, pengine aliyombebea mama wa mtoto huyu, akitaka iwe mgongo wa blanketi. Khanga moja ni takriban sentimita 150 kwa 110, na ina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno yake, upande wa chini. Fundi mwenye haraka atakata mraba wa inchi 36 katikati. Hapo mapindo ya ubavuni yamekwenda, la chini limepasuliwa, na jina limebaki likigusa ukingo au limekatika. Bibi hatasema kitu mbele za watu, lakini ameona.

Mimi siikati hivyo. Naacha urefu wa juu hadi chini kama ulivyo. Kila upande naondoa ukanda wa sentimita 25, kati ya mji na pindo la ubavuni, kisha naunganisha. Ninabaki na khanga yenye mapindo yake manne, mji wake na jina lake, ila imesogea, na blanketi linatoka kama inchi 38 kwa 42, kipimo kinachofaa sakafuni na begani pia. Viungo viwili vya nyuma vinaangukia mbali na katikati. Kama jina ni refu na linafika ubavuni, naondoa ukanda mwembamba zaidi na kumweleza bibi kwamba blanketi litakuwa pana zaidi, na sijapata kukutana na bibi aliyekataa. Kwa hiyo anayeleta khanga ya namna hiyo kwa fundi aje nayo nzima, hata kama kona imetoboka au rangi imepauka. Kona tutaipachika kiraka, lakini iliyokwisha kukatwa nyumbani kwa mkasi wa jikoni haina tena urefu wa kuchezea.

Fundi wa nguo za watoto,
Tandika, Dar es Salaam