Riwaya za Holokosti zisomwe pamoja na ushuhuda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu riwaya zinazotokana na visa vya kweli vya Wayahudi walionusurika katika Holokosti (mauaji ya halaiki ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili), ambazo naona vijana wetu wa Mombasa wakizisoma kwa hamu na kuazimana.

Sipingi zisomwe. Mimi mwenyewe niliisoma The Tattooist of Auschwitz ya Heather Morris kwa usiku mmoja, na machozi yalinitoka. Kisha nikamwazima mjukuu wangu anayesomea uuguzi, naye alinirudishia akiwa ameweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa ambapo mgonjwa wa taifasi anatibiwa kwa penisilini. "Bibi," akaniuliza, "taifasi huenezwa na chawa na haiponi kwa penisilini, tena mwaka 1943 wafungwa wangeipata wapi dawa hiyo?" Sikuwa na jibu. Nilipofuatilia nilikuta kwamba watafiti wa makumbusho ya Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mateso na mauaji ya Wanazi huko Poland, walikwisha kuikosoa riwaya hiyo mwaka 2018 kwa kosa hilo na mengineyo, likiwemo la namba aliyochorwa mkononi Gita, mwanamke wa kweli ambaye riwaya inasimulia kisa chake: riwaya inasema 34902, ilhali mwenyewe katika ushuhuda wake alitaja 4562.

Yuko atakayesema namba ni namba tu. Kule Auschwitz mtu alinyang'anywa jina akabakiziwa namba, na hata hiyo namba wengi hawakuifikia. Kati ya watu wapatao milioni 1.3 waliopelekwa huko, waliosajiliwa ni takriban 400,000. Wengi wa wale ambao hawakusajiliwa, wazee na kina mama na watoto wao, walishushwa kwenye mabehewa wakapelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Riwaya ya aliyenusurika haiwezi kuwasimulia hao, na kijana anayesoma riwaya peke yake, hasa zile zinazokwisha kwa wapendanao kukutana tena, atadhani kuokoka ndiko kulikokuwa kawaida, wakati Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fasihi na vikundi vya wasomaji hapa mjini, kila wanapochagua riwaya ya namna hii, waiambatanishe na kumbukumbu iliyoandikwa na mtu aliyekuwamo. Mmoja wao ni Primo Levi, mkemia wa Italia aliyepewa namba 174517, ambaye anaeleza kwamba katika msafara wake wa watu 650, walioingia kambini ni wanaume 96 na wanawake 29 tu. Wafasiri wetu nao wangetufaa mno kwa kututilia maandishi kama hayo katika Kiswahili, kwani kina mama wengi wa rika langu wana hamu ya kujua ila Kiingereza kinawazuia.

Kikundi chetu kitaanza na kitabu cha Levi mwezi ujao. Mjukuu wangu ndiye atakayetusomea, akitufasiria ukurasa kwa ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Tudor, Mombasa