Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha Ukishaiuza, Nini Kinabaki Chako?

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mhazini, na habari za pango na umeme mmezisikia kwenye vikao vya kila mwezi. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotusumbua mwaka mzima: hakimiliki ya michoro yetu.

Mwezi wa Machi mwenzetu mmoja alikuta picha yake kwenye mikoba na vikombe vya duka moja la zawadi mjini. Mbega wawili, mwezi nyuma yao, hata tone la rangi ya njano lililomchuruzikia mkiani mbega wa kushoto limechapwa vilevile. Saini tu ndiyo iliyokatwa. Alipouliza akajibiwa kwamba picha ilinunuliwa kwake na risiti ipo. Kweli, risiti ilikuwepo.

Wengi wetu tulikosa la kusema, na kumbe la kusema lipo. Aliyenunua picha amenunua ubao ule. Autundike sebuleni, amzawadie bwana harusi, auuze tena akitaka. Lakini haki ya kutoa nakala, kuichapa picha kwenye kitambaa au kalenda, inabaki kwa mchoraji mpaka aiachie kwa maandishi yenye saini, na risiti ya mauzo siyo maandishi hayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inatupa haki za kiuchumi, yaani kunufaika na kazi zetu, na haki za kimaadili, yaani jina la mchoraji litajwe na kazi yake isiharibiwe. Aliyeikata ile saini aliongeza kosa juu ya kosa.

Wapo wanaodhani haki haipo mpaka uende COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili kazi. Haki inazaliwa kazi inapofanyika. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994, na mkataba huo hauweki sharti la usajili. Hata hivyo nendeni mkasajili, maana siku ya kubishana nani alianza, cheti kinasaidia sana.

Sasa la humu ndani, ambalo kwangu ndilo gumu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, na mtindo wake ndio unaotulisha mpaka leo. Mtindo hauna mwenyewe kisheria. Kinacholindwa ni picha yenyewe. Wazo na namna ya kuchora ni vya wote, kwa hiyo kila mmoja wetu ana ruhusa ya kuchora chui wa madoa kwa rangi ya mafuta. Lakini kumpiga picha chui wa mwenzako kwa simu, ukamnakili doa kwa doa, kisha ukamtundika banda la pili kwa bei ya chini, huo ni wizi. Nasema hivyo nikijua masika yanavyobana watalii wakiadimika. Najua pia kwamba sote tulijifunza kwa kunakili kazi za walimu wetu, na vijana waendelee kujifunza hivyo, ila zoezi lisiuzwe kama kazi yako.

Kuna walioniuliza kuhusu picha za Tingatinga mwenyewe. Sheria inalinda haki za kiuchumi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwake miaka hiyo iliisha 2022. Kuzinakili si tatizo tena. Anayeandika jina la marehemu kwenye ubao aliouchora jana, huyo anamdanganya mnunuzi na kutuchafulia sote.

Tulichofanya: tumefungua daftari ambamo kila kazi mpya inabandikwa picha yake, mbele na nyuma, pamoja na tarehe. Tumeandaa pia fomu ya ukurasa mmoja kwa ajili ya oda, inayosema wazi kama mteja ananunua ubao peke yake au na ruhusa ya kuchapa, nakala ngapi, kwa muda gani na kwa malipo gani. Wachache wanaitumia. Wengine wanahofia kumkimbiza mteja, nami nawaelewa, ila mteja anayekimbia karatasi hiyo mara nyingi ana shughuli na hiyo picha.

Kuhusu mbega, baada ya barua yetu duka limeondoa vikombe. Mikoba bado inauzwa na fidia haijalipwa. Kamati inaomba mkutano huu uiruhusu kumwendea wakili kwa gharama za mfuko wa chama, na upitishe kwamba kuanzia leo hakuna oda itakayopokelewa mabandani bila fomu.