Mkata miwa akifika zahanati, tuulize kazi kwanza

Wadau, habari za jioni.

Msimu wa miwa Kilombero umeanza na wakataji kutoka Nyanda za Juu Kusini wameshajaa kambini. Ombi langu: mgonjwa akikaa tu, muulizeni anafanya kazi gani, na jana alishinda wapi. Kuandika "kibarua" kwenye rejista hakutusaidii kitu.

Mtu anakuja na kichwa, anatapika, hana nguvu. Kipimo cha malaria hakioni kitu, na bado anaondoka na dawa ya malaria (tunajuana!). Huenda amezidiwa na joto. Kama alikuwa anapulizia dawa shambani, tazameni mboni: zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, huku mate na jasho vinamtoka, shukuni sumu ya oganofosfeti (kundi la dawa za kuua wadudu). Vaeni glavu, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni, na atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, isichelewe.

Halafu diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Mkataji anayeumwa mgongo na ameishiwa maji asichomwe sindano yake hovyo, tutamuumiza figo. Amerika ya Kati wakata miwa vijana wanakufa kwa ugonjwa sugu wa figo, hawana kisukari wala presha. Penye maabara, pimeni kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

Aliyeumia kazini ana njia ya kudai fidia WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), ila bila maelezo ya tabibu dai halisogei. Jumamosi saa 4 asubuhi tutazipitia fomu pamoja, palepale pa siku zote. Anayekuja aandike jina hapa chini, tujue chai ya watu wangapi.