Msinisubiri mie: barua kwa dada

Lawrence, Kansas
Marekani

Kwako dadangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mie huku mzima, alhamdulillahi, ila baridi inanionyesha cha mtema kuni. Natumai wewe, shemeji, Mama na watoto hamjambo. Mpe Mama shikamoo yangu, kisha umsomee barua hii polepole, maana mengi humu ni yake pia. Kwa simu hayasemeki. Kila nikipiga, ama tokeni za stima zimekwisha ama pana wageni sebuleni.

Shemeji aliniambia mumeamua mwanao asiyesema hamtampeleka popote kupimwa mpaka nirudi, kwani mutahangaika vipi na watu wa nje na mtaalamu munaye nyumbani. Maneno hayo yamenikosesha usingizi. Uzamifu huu wa elimu maalumu bado una safari ndefu, tena sisomei tiba wala sitarudi na dawa mkobani. Mtoto ana miaka sita. Msinisubiri mie.

Nikueleze kazi yangu ilivyo, maana najua hapo Kisauni imeshageuka hadithi. Nina madarasa ya takwimu, mbinu za utafiti na sheria za elimu maalumu. Nje ya madarasa ni msaidizi wa utafiti, na viza ya mwanafunzi hainiruhusu kupita saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Ndiko zinakotoka hizo senti ninazotuma, kwa hivyo ukiona ni chache usidhani nazila raha.

Kazi yenyewe ni kukaa chumba kidogo, visikizi masikioni, nikitazama video za watoto wasiosema wakiwa na walimu wao. Kila mtoto akiomba kitu kwa hiari yake, natia alama. Mwenzangu anaitazama video ile ile peke yake, wala hatuoneshani karatasi, kisha tunalinganisha. Si lazima video zote zitazamwe na watu wawili, lakini angalau asilimia 20 katika kila awamu. Tukikubaliana chini ya asilimia 80, kazi hiyo haipokelewi. Tunarudi kukaa, tuulizane tulikuwa tunahesabu nini hasa.

Siku moja tulibishana muda mrefu juu ya sekunde chache tu. Mtoto anamshika mwalimu kifundo cha mkono, anamvuta mpaka kabatini, anauweka mkono wa mwalimu juu ya kitasa, halafu anangoja. Usoni hamtazami kabisa. Mwenzangu akasema hakuomba, kwa sababu hakutoa sauti wala ishara. Mie nikasema ameomba, tena waziwazi. Msimamizi wetu hakumpa ushindi yeyote kwa maneno yake. Alitufungulia maelezo yaliyoandikwa kabla ya utafiti kuanza: kitendo chochote mtoto anachomwelekezea mtu ili apate kitu. Likahesabiwa ombi.

Dada, hapo niliwaona Mama na mwanao wakiwa jikoni, anavyomburura mpaka kwenye friji, na Mama analalamika kwamba amefanywa punda. Mwambie anasemeshwa. Akiburutwa, asimpe kitu kimyakimya. Asimame naye hapo, akitaje kwa jina moja tu, "maji" au "embe", angoje kidogo, ndipo ampe. Asimlazimishe aseme kwanza, wala asimnyime akinyamaza.

Kinachonivutia katika utafiti wa namna hii ni kwamba hauhitaji umati. Unaweza kuwa na watoto watatu. Kabla ya kuwafundisha chochote unawapima walivyo, mara tano au zaidi, mpaka uone wametulia mahali. Kisha unaanza na mmoja, wengine wawili unaendelea kuwapima tu. Baadaye wa pili, halafu wa tatu. Ikiwa kila mmoja anabadilika pale pale anapoanza kufundishwa, na si kabla, basi una haki ya kusema ni mafunzo yaliyombadilisha, si umri wala bahati. Mombasa nitawapata wapi watoto mia wanaofanana? Lakini watatu nitawapata, na nikirudi kukusanya data hiyo nitahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, na ridhaa ya wazazi. Wazazi wenyewe nawajua, wananiuliza maswali magumu kuliko kamati ya maadili ya huku.

Vipimo vyao vya kuchapishwa ndivyo nisivyovibeba. Vimesawazishwa kwa watoto wa huku, kwa Kiingereza, na mtoto anaoneshwa picha ya koleo la theluji aitaje. Mtoto wa Likoni akishindwa hapo, aliyepungukiwa ni nani?

Topeka iko karibu na hapa, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, nami nilikwenda kuiona shule ya Monroe. Ilikuwa ya watoto weusi zama za ubaguzi, sasa ni makumbusho. Kesi ya Brown iliyoanzia mji huo ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu iamue, mwaka 1954, kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Nilikuwa naijua hiyo. Nisichokuwa nimekitia maanani ni kwamba wazazi wa watoto wenye ulemavu waliishika hoja hiyo hiyo wakaipeleka mahakamani Pennsylvania. Wao watoto wao walikuwa wakiambiwa wabaki nyumbani. Mwaka 1972 wakapata makubaliano ya kuwafungulia shule, na 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya nchi nzima. Kwa hivyo leo mtoto wa huku ana mpango wake ulioandikwa, na mzazi ana kiti mezani. Nimehudhuria kikao kimoja ambapo mama alikataa kusaini akaondoka na karatasi zake, na hakuna aliyemfokea. Nilimwonea wivu, sikufichi. Lakini usidhani ni peponi: walimu wa elimu maalumu hawatoshi hata huku, na waliopo wanamezwa na makaratasi.

Sasa ya kwetu. Ile shule iliyowaambia mumrudishe akianza kusema, isikuvunje moyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizojumuishwa na jamii, kadiri inavyomfaa. Nenda nayo mkononi, lakini usianze kwa ugomvi.

Anza na masikio. Mtoto asiyesema apimwe usikivu kwanza, hata kama munaamini anasikia kwa sababu anakimbilia sauti ya honi ya feri. Mpelekeni hospitali ya Makadara mapema asubuhi. Kisha nendeni kituo cha tathmini, wenyewe wanakiita EARC. Ofisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza. Vituo hivyo vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na nilipokuwa KISE, chuo cha elimu maalumu kule Kasarani, tulifundishwa kazi yake. Ndiko watakakoshauri aende darasa la kawaida na msaada, kitengo maalumu, au shule maalumu. Mtaala wa sasa una njia ya mtoto kupanda kwa hatua, si kwa umri, kwa hivyo asikutishe mtu kwamba amechelewa.

Usiende mikono mitupu. Nunua daftari la kurasa 48, mpe binti yako mkubwa, ana hati nzuri. Kila akimvuta mtu, aandike: saa ngapi, alitaka nini, kilichotangulia ni nini, alipewa au hakupewa. Wiki mbili zinatosha. Mpimaji atakaa naye muda mchache tu, katika chumba kigeni, na mwanao huenda akajifungia kabisa; daftari litasema asichokisema yeye.

Na hata wakisema ana usonji (autism, yaani ubongo unaokua kwa namna yake), si maradhi ya kuponywa, na hukuusababisha wewe, si kwa kufanya kazi mimba ikiwa kubwa wala kwa chanjo, hata kama wifi yako anayasema hayo kila Idi. Mama na kombe lake la maji ya aya nampenda, dua aziendeleze. Ila yule bwana wa Mtwapa anayetaka elfu kumi kumtoa jini, hizo hela bora zilipie teksi za hospitali.

Nitatuma kwa M-Pesa ya shemeji mwisho wa mwezi. Weka kando ya nauli kwanza, kabla ya deni la dukani. Mwenye duka nitazungumza naye mwenyewe. Ukipata tarehe ya kupimwa nijulishe kwa ujumbe, na uniambie ni asubuhi au mchana. Ikiwa ni asubuhi, huku itakuwa usiku wa manane, lakini nitakuwa macho, mukikwama nipigieni.

Goti la Baba likoje? Usinijibu "anaendelea vizuri". Niambie anapanda ngazi au hapandi.

Ni mimi mdogo wako.