Pua ya kichanga ikiziba, nyumba nzima hailali

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wazazi wenye vichanga. Mtoto mchanga anapumua zaidi kwa pua, kwahiyo kamasi kidogo tu likikauka anashindwa kunyonya, analia, na nyumba nzima inakesha. Sasa kinachoniuma ni vile watu wanavyokimbilia kumpaka mafuta ya menthol au kafuri, wengine wanamwekea dawa ya pua ya mkubwa, jamani hizo sio za kichanga kabisa, zinaweza kumletea shida ya kupumua.

Chukua matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, yale ya asilimia 0.9, mlaze chali, tone moja au mawili kila tundu, subiri kidogo kamasi lilainike alafu nyonya taratibu na kile kipira cha kuvutia kamasi, unakibonyeza kwanza nje ndio unakiweka mdomoni mwa tundu, usikiingize ndani. Fanya kabla ya kunyonya, sio akishashiba maana atatapika. Na usivute kila saa, pua inavimba ndio inaziba zaidi. Vijiti vya pamba achaneni navyo.

Kulala ni chali, bila mto, hata kama mafua yamembana. Ila akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikiingia ndani, midomo ikiwa ya bluu, akigoma kunyonya au joto likifika 38, hospitali usiku huohuo.

Mzazi mwenzenu