Mjomba, kalamu peke yake haimtoi mtu kwenye wosia

Shikamoo mjomba,

Umeamua kumnyima mwanao urithi, nami sitakubembeleza. Mali ni yako, na yaliyopita kati yenu mnayajua wenyewe. Ninachoomba ni usimtoe kimyakimya.

Umesema umelikata jina lake kwa kalamu, basi. Wosia ukishasainiwa mbele ya mashahidi, marekebisho nayo huhitaji saini na mashahidi; bila hivyo, mahakama nyingi huyaona kama hayapo. Andika mpya. Uanze kwa kufuta wa zamani, kisha umtaje binamu kwa jina na useme humwachii kitu, na kwamba umekusudia. Jina likikosekana tu, wakili wake atadai mzee alisahau. Shahidi naye asiwe mtu atakayerithi. Dada yake akitia saini hapo, umempa kaka mtu hoja ya bure.

Zile kurasa za makosa yake ulizonisomea (nilivumilia, mjomba) usiziingize humo. Wosia ukifika mahakamani si siri tena, na tuhuma moja ikibainika si kweli, wosia mzima utatiliwa shaka. Ziandike katika barua, akutunzie wakili. Cheti cha daktari kwamba ulikuwa na akili timamu wakati wa kusaini kitakufaa kuliko kurasa zote hizo.

Lakini kwanza muulize wakili sheria inayokuhusu inakuruhusu kufika wapi. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja hana uhuru wa kugawa zaidi ya nusu ya mali yake. Uingereza unaweza kumnyima mtoto, ila sheria ya 1975 inampa nafasi ya kwenda mahakamani kudai matunzo, hata akiwa mtu mzima. Na kwa sharia ya Kiislamu mafungu ya warithi yamekwisha pangwa. Wosia hauvuki theluthi.

Bima ya maisha na pensheni je? Malipo hayo mara nyingi hayapitii kwenye wosia kabisa, hulipwa aliyeandikwa kwenye fomu. Fomu zako ulizijaza zamani, mkiwa bado mnaelewana. Tena wosia ule ule uliomkata bado unamtaja kuwa msimamizi wa mirathi!

Limebaki la wajukuu. Fungu la baba yao likifutwa, nao wanafutwa, au linashuka kwao? Hukuligusa hilo hata kidogo, na wakili hawezi kukuamulia. Nijibu kabla hujampigia.